Faili Likihama: Mhadhara juu ya Kungojea Mahojiano ya Ukaazi

Mhadhara uliotolewa mbele ya jumuiya ya wasemaji wa Kiswahili, Louisville, Kentucky

Najua wengine mmetoka zamu ya usiku na kuja hapa bila kupitia kitandani, na wengine mnaingia kazini jioni hii hii, basi sitawazungusha. Mimi ni mkalimani, si wakili. Kwa miaka mingi nimekaa kwenye kile kiti cha pembeni, ofisa mbele yangu na mwombaji kando yangu, nikiyapeleka maneno huku na huku. Mtakachosikia leo ni yale yanayoonekana kutoka kwenye kiti hicho, pamoja na sheria ambayo nililazimika kuisoma ili nisiaibike mbele ya watu.

Niingie kwenye jambo lenyewe. Mtu ameomba ukaazi wa kudumu, ile grinikadi, kwa Fomu I-485. Kama si mkimbizi amelipa dola 1,440, ndiyo ada tangu Aprili 2024. Amechukuliwa alama za vidole, ametulia. Siku moja ujumbe unaingia kwenye simu: kesi yako imehamishiwa ofisi nyingine. Baada ya siku kadhaa barua inafika, karatasi ya I-797C, aina ile ile inayotumika kwa risiti na kwa miadi ya vidole, yenye kichwa cha serikali juu na onyo kwamba karatasi hii haimpi mtu hadhi yoyote. Inasema faili limehamishwa. Pengine inataja lilikopelekwa. Lini utaitwa, haisemi. Kuanzia siku hiyo usingizi unaadimika nyumbani.

Ndipo ramli inapoanza. Namba ya risiti ina herufi tatu na tarakimu 10, na watu wanazisoma herufi hizo kama mnajimu asomavyo nyota. MSC ni kituo cha Missouri, LIN ni Lincoln kule Nebraska, SRC ni Texas, IOE ni kesi iliyofunguliwa kwenye mfumo wa kielektroniki. Hayo ni kweli. Lakini kutoka hapo mtu anaruka hadi kwenye hukumu. Nimesikia kwamba faili likishushwa kwenye ofisi ya mji wako, basi umeshukiwa. Nimesikia pia kwamba likishushwa hapo umeshapita, bado kadi kuchapwa tu. Habari hizo mbili zilitoka kwenye kundi moja la WhatsApp, jioni moja, na kila moja ilikuwa na wafuasi wake.

Kanuni yenyewe ni nyepesi kuliko uvumi. Inasema kila anayeomba kubadilisha hadhi akiwa ndani ya Marekani atahojiwa na ofisa, isipokuwa idara ya uhamiaji ikiona hakuna haja. Kwa hiyo kuhojiwa ndiyo kawaida, na kusamehewa mahojiano ni hisani ambayo serikali inaweza kuitoa au kuikunja itakavyo. Mwaka 2017 iliikunja: kuanzia tarehe 1 Oktoba mwaka huo, wanaopata ukaazi kupitia kazi, ambao wengi wao walikuwa wakipewa kadi bila kuonana na mtu, walianza kuitwa wote. Mafaili yao yakatoka kwenye vituo vikubwa na kumiminikia ofisi za miji, zikiwa na maofisa wale wale na vyumba vile vile. Ofisi zilielemewa, na hata walioomba kwa njia ya ndoa, wasiohusika kabisa na agizo lile, wakasogezwa nyuma. Yaliyomo ndani ya mafaili yao hayakuwa sababu.

Safari ya faili kwa kawaida iko hivi. Fomu na malipo hupokelewa kwenye kituo cha mapokezi, kisha kesi nyingi za familia huenda kwenye kituo cha kitaifa kilichoanzia Lee's Summit, Missouri, ambako karatasi hukaguliwa: cheti cha kuzaliwa kipo, cheti cha ndoa kipo, uchunguzi wa daktari upo, alama za vidole zimerudi na majibu. Kikiridhika kwamba kesi imekamilika kiasi cha kuhojiwa, kinalipeleka faili kwenye ofisi inayohudumia anwani yako. Uhamisho mwingine hufanyika kwa kugawana mzigo tu, kituo kimoja kikizidiwa na kingine kina nafasi. Na mwingine unausababisha wewe mwenyewe, ulipohama kutoka Dallas kumfuata shemeji yako huku Kentucky.

Hapa niwape jambo ambalo watu hawaliamini mpaka walisome wenyewe. Eneo la Kansas City lina machimbo ya zamani ya mawe ya chokaa, mapango makubwa chini ya ardhi, na ndani ya mapango hayo serikali ya Marekani imepanga kumbukumbu zake. Kituo cha kitaifa cha kumbukumbu za uhamiaji kimo kwenye pango la namna hiyo. Utaratibu wa kumfungulia mgeni faili lenye herufi A na namba yake ulianza tarehe 1 Aprili 1944, na faili hilo humfuata mtu maisha yake yote: viza ya mwanafunzi, ombi la mume, kesi ya mahakamani, vyote humo. Corona ilipoingia, maghala ya kumbukumbu ya eneo lile yalibaki na wafanyakazi wachache mno, na watu waliokuwa wakingoja uraia walikwama kwa sababu moja tu: faili liko pangoni na hakuna wa kulitoa. Nawaambia wateja wangu, kabla hujajiuliza umekosa nini, jiulize kama faili limekutana na ofisa.

Kuna kundi moja ambalo nalikubalia wasiwasi wake. Ni wale walioshinda bahati nasibu ya viza wakiwa tayari wako hapa nchini, wengi wao Wakenya waliokuja kusoma. Kwa hao sheria imeweka tarehe 30 Septemba ya mwaka wao wa bahati nasibu. Ikifika usiku huo kadi haijatolewa, ushindi umeyeyuka, hata kama kuchelewa kulikuwa kwa ofisi. Faili la mtu huyo likihamishwa mwezi wa Julai, asilale. Atafute wakili siku hiyo hiyo.

Wengine wote wanangoja bila tarehe, na kungoja bila tarehe kuna tabu yake. Wengi mlio hapa mmepanga foleni ya mgao kule kambini Nyarugusu, Tanzania. Foleni ile ilikuwa ndefu na jua lilikuwa kali, lakini ulimwona aliye mbele yako, na mjanja akipenya mlipiga kelele. Foleni ya uhamiaji haionekani, wala si moja. Kila ofisi ina kalenda yake. Ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kutuma fomu siku moja, mmoja akaitwa kabla ya masika na mwingine akapitisha krismasi mbili, kwa kuwa mmoja anaishi Louisville na mwingine anaishi mji wenye maombi mengi kuliko maofisa. Ukijipima kwa jirani yako unajiumiza bure.

Je, sheria haina kikomo cha muda? Kinachofanana na kikomo kipo. Mwezi Oktoba 2000, wakati Bill Clinton yumo katika miezi yake ya mwisho madarakani, Bunge la Marekani lilipitisha sheria ambayo leo kifungu chake kimojawapo, cha 1571 katika sura ya 8 ya sheria za nchi, kinasema kwamba ni matarajio ya Bunge ombi la uhamiaji likamilishwe ndani ya siku 180 tangu kupokelewa. Matarajio. Watu wamekwenda mahakamani wakiwa wameishika karatasi hiyo, na majaji wengi wamewajibu kwamba Bunge lilitoa maoni yake, halikutoa amri. Upande wa pili, wewe mwombaji ukihama nyumba una siku 10 za kuijulisha serikali anwani mpya, na hizo si matarajio: usipotii ni kosa la jinai, dogo lakini la jinai. Na barua ya wito ikienda kwenye nyumba ya zamani, ukakosa kufika bila kutoa taarifa, ombi linahesabiwa kuwa umelitelekeza.

Nisije nikasikika kana kwamba Marekani ndiyo iliyovumbua haya. Wapo hapa wazee waliokimbia Burundi mwaka 1972 na watoto waliozaliwa Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Tanzania ilitangaza mwaka 2010 kwamba imewapa uraia watu wapatao 162,000 kutoka makazi yale, jambo ambalo nchi chache duniani zimewahi kulifanya, na nalisifu. Lakini vyeti vyenyewe vilianza kugawiwa Oktoba 2014. Kwa zaidi ya miaka minne watu wale walikuwa wameshaacha kuwa Warundi na hawana karatasi ya kuonyesha kwamba ni Watanzania. Waulizeni, watawaeleza kungoja vizuri kuliko mimi.

Sasa nifike kwenye lile nililokuja kulisema. Wengi wetu tunadhani mahojiano ni mtihani juu ya fomu tuliyoijaza zamani, na kwamba kipindi cha kungoja ni tupu, kipite tu. Kutoka kwenye kiti changu cha pembeni naona kinyume. Ofisa anapofungua faili, la kwanza analotaka kujua ni nini kimetokea tangu siku ulipotuma fomu. Bado mnaishi pamoja? Kodi ya mwaka jana mlijaza vipi? Umewahi kukamatwa? Ulisafiri? Unafanya kazi wapi sasa? Kwa hiyo anayehukumiwa pale ni mtu wa kipindi cha kungoja. Na sisi kipindi hicho ndicho tunachokigandisha. Bwana harusi anasema hatutahamia nyumba kubwa mpaka kadi itoke. Bibi anakataa kuandikwa kwenye mkataba wa nyumba, anaogopa kuharibu mambo. Akaunti ya pamoja haifunguliwi, bima inabaki ya mtu mmoja, mimba inaahirishwa. Wanapoitwa, wanaingia na bahasha yenye picha za harusi na karibu hakuna kingine, kana kwamba ndoa ilifungwa kisha ikawekwa kabatini.

Ofisa hahitaji picha za pilau. Anataka mkataba wa nyumba wenye majina mawili, bili ya umeme, fomu ya kodi ya pamoja, jina la mke kama mrithi wa bima ya mume. Ni karatasi za kuchosha, na zinazaliwa na maisha ya kila siku, hazitengenezwi wiki moja kabla.

Katika hilo la ndoa kuna nafuu ambayo watu hawaioni. Sheria ya mwaka 1986 ya kupambana na ndoa za uongo inasema kwamba kama ndoa haijatimiza miaka miwili siku uamuzi unapotolewa, mtu anapewa ukaazi wa masharti, kadi ya miaka miwili, na katika siku 90 za mwisho za kadi hiyo wanandoa wanaomba tena kuondolewa masharti, kwa fomu nyingine, ada nyingine na kungoja kwingine. Lakini ndoa ikishatimiza miaka miwili huku faili bado linazunguka, kadi inatoka ya miaka 10 kwa mkupuo mmoja. Nimewaona watu wakilalamika kwamba ofisi imewachelewesha, na ucheleweshaji ule ule ukawaokoa na safari ya pili.

Niwaingize kidogo kwenye chumba chenyewe, kwa sababu wengi mnakiogopa kuliko kinavyostahili. Mlangoni unavua mkanda, unapita kwenye kile kizingiti cha mashine, simu inazimwa. Unakaa kwenye viti vilivyounganishwa, pamoja na familia nyingine zilizovaa nguo za Jumapili siku ya Jumanne. Mlango unafunguliwa, jina linatamkwa vibaya, mnatazamana nani kaitwa. Ndani, hata kabla ya kukaa, mnanyoosha mkono wa kulia na kuapa kusema kweli. Mimi naapa pia, nasaini fomu ya mkalimani. Kumbukeni kwamba kwa mahojiano ya ukaazi mkalimani unamleta mwenyewe, na msimlete mtoto wenu wa darasa la saba. Juu ya meza kuna faili nene limebanwa kwa juu, na ofisa ana kalamu nyekundu anayoitumia kurekebisha majibu ya fomu mbele ya macho yako. Wino huo mwekundu umewatia watu hofu bure. Anaweka tu alama kwamba swali limeulizwa na kujibiwa.

Kwa wanandoa kuna aina ya mahojiano inayoitwa Stokes, kutokana na kesi ya New York ya miaka ya 1970. Mume na mke wanatenganishwa, wanaulizwa maswali yale yale, majibu yanalinganishwa. Nani aliamka kwanza leo? Mlikula nini jana jioni? Mama mkwe anaitwa nani? Na hapo ndipo desturi yetu inapotuponza. Nimemsikia bwana mmoja, mtu mwaminifu kabisa, akijibu kwamba mama mkwe wake anaitwa Mama Rehema. Ofisa akatazama karatasi: jina hilo halipo. Akarudia swali. Bwana akarudia jibu, safari hii kwa sauti ya heshima zaidi, kwa kuwa katika umri wake wote hajawahi kumwita mama yule kwa jina alilopewa na wazazi wake, na angeona ni utovu wa adabu kumuuliza. Ofisa ambaye amekulia Indiana atajuaje? Mkalimani haruhusiwi kuhutubia juu ya adabu za Kiswahili. Bahati nzuri bwana yule alieleza mwenyewe, polepole, na ofisa akamsikiliza. Kwa hiyo nawaomba, kwa heshima zote, jifunzeni majina ya serikali ya wakwe zenu. Wazee watatusamehe.

Kwa wakimbizi kuna mzigo mwingine. Mkimbizi anatakiwa aombe ukaazi akishatimiza mwaka mmoja nchini, na wengi walikuwa wakipata bila kuhojiwa. Wakiitwa, swali linalowatoa jasho ni lile la vikundi vyenye silaha: umewahi kuvisaidia kwa namna yoyote? Mama mmoja wa Fizi, kule Kongo, aliulizwa hivyo nikiwa kando yake. Alinyamaza. Kisha akasema walikuja usiku, wakataka unga na mbuzi, akatoa, kwani mtoto wake alikuwa ameshikwa na mmoja wao. Katika sheria ya Marekani unga ule na mbuzi wale vinaweza kuitwa msaada kwa kundi lenye silaha, na kutoa kwa kulazimishwa kunahitaji msamaha maalumu wenye utaratibu wake. Ofisa lazima aliandike. Tatizo kubwa zaidi halikuwa jibu lake, lilikuwa kama alilisema pia kambini miaka kumi iliyopita, kwa mkalimani mwingine, amechoka, na mtu akaliandika kwa ufupi. Kuna wale pia waliopewa tarehe 1 Januari kuwa siku ya kuzaliwa kwa sababu hawakuijua ya kweli, na baadaye wakapata cheti chenye tarehe nyingine, na majina ya baba yaliyoandikwa mbele sehemu moja na nyuma sehemu nyingine.

Ndiyo maana nasema tumieni kungoja kwenu kuomba nakala ya faili lenu wenyewe. Sheria ya uhuru wa taarifa ya mwaka 1966 inaruhusu, na kwa mwombaji wa kawaida ni bure. Msomewe na mtu anayejua Kiingereza vizuri, mkiwa mmekaa nyumbani na chai, ili mjue mlisema nini mwaka ule. Sisemi mbadilishe ukweli ufanane na karatasi. Ikiwa karatasi ilikosea, semeni ilikosea, tena mapema.

Sasa msiba. Sijui nyumba ya Kiswahili hapa mjini ambayo haijaguswa na hili. Mtu ana ombi mezani, simu inalia usiku, mama hayupo tena, kule Murang'a au Kisii au Moshi. Akipanda ndege bila kibali cha kusafiri, kwa waombaji wengi ombi linahesabiwa limeachwa siku anayotoka, isipokuwa wachache wenye viza za aina fulani kama zile za wataalamu wa kazi. Mnajua kinachofuata. Matanga yanakaliwa hapa, sebuleni, viti vya kukodi, chai ya maziwa na maandazi, na mazishi yanatazamwa kwenye simu iliyoegemezwa kwenye birika, picha ikikatika kila jeneza linaposogea. Nimekaa matanga ya namna hiyo na naona ni ukatili mkubwa kuliko wote uliomo kwenye mfumo huu, kwa kuwa hauandikwi popote. Hakuna fomu inayoonyesha kwamba mtoto wa kwanza hakumzika mama yake.

Kibali cha dharura kinaweza kuombwa kwenye ofisi ya mji, kwa uthibitisho wa kifo au wa hospitali, na wapo waliokipata kwa haraka na wapo waliokipata siku ya arubaini. Njia ya salama ni kuomba kibali cha kawaida, Fomu I-131, mapema, wakati wazazi ni wazima. Na hapa ndipo watu wetu wanapokataa. Wanaona ni uchuro. Mama yangu mzima, nimwombee kibali cha mazishi? Nawaelewa, nami nililelewa hivyo. Lakini kibali hakitaji mazishi, kinataja safari, na safari inaweza kuwa harusi. Mwenye hadhi ya ukimbizi ana hati yake tofauti ya kusafiria, nayo huombwa kwa fomu hiyo hiyo, ila afikirie sana kabla ya kuingia kwenye nchi aliyoikimbia, maana ataulizwa aliwezaje.

Kuhusu kazi nitakuwa mfupi. Anayengoja huomba kibali cha kazi. Mwaka 2023 kilianza kutolewa kwa miaka mitano. Desemba 2025 kikapunguzwa kuwa cha miezi 18. Zaidi ya hayo, tangu tarehe 30 Oktoba 2025 anayeomba kuongezewa muda hapati tena ile nyongeza ya moja kwa moja iliyokuwa ikimfunika wakati anangoja kadi mpya. Kwenye maghala na kwenye mizigo ya uwanja wa ndege, kibali kilichokwisha jana ni kazi iliyokwisha leo. Ruhusa ni kuomba siku 180 kabla ya mwisho. Ombeni siku ya 180, msingoje ya 30.

Nisingekuwa mkweli kama ningewaficha yaliyotokea mwishoni mwa 2025. Novemba 2025 idara iliagiza wakimbizi walioingia kati ya Januari 2021 na Februari 2025 wapitiwe upya, na kadi zao zisimame. Mwanzoni mwa Desemba ikasimamisha maombi ya watu wa nchi 19, Burundi ikiwamo. Katika miezi hiyo hiyo zilitoka habari kutoka San Diego za watu waliokamatwa kwenye mahojiano ya ndoa kwa sababu viza zao zilikwisha muda zamani. Maagizo ya aina hii hutenguliwa, hupingwa mahakamani, hubadilishwa. Kwa hiyo neno langu la leo lisiwe neno lenu la mwezi ujao. Mwenye amri ya kuondolewa nchini, aliyewahi kukamatwa, au aliyepitisha muda wa viza asiingie chumba kile bila wakili. Kwa hao mkalimani hatoshi.

Na tukitaja wakili, tuwataje vishoka. Tunao hapa mjini, wanaongea Kiswahili kizuri, wanajaza fomu sebuleni na kudai wana mtu ndani. Hakuna mtu ndani. Msaada wa kisheria hutolewa na wakili mwenye leseni au na mwakilishi aliyethibitishwa na Wizara ya Sheria katika shirika linalotambuliwa, na wapo wanaotoza kidogo sana. Kishoka akikosea tarehe ya kuingia nchini, saini chini ya fomu ni yako, na kiapo ni chako.

Kesi ikipitiliza muda ambao ofisi yenyewe imeutangaza, kuna ngazi za kupanda. Unauliza kwa maandishi kupitia akaunti yako. Usipojibiwa, unakwenda kwa mwakilishi wa eneo lako katika Bunge. Ofisi yake ina mfanyakazi wa kushughulikia mambo hayo, unasaini fomu ya kumruhusu kuulizia, na hawaulizi kama una kura. Ngazi ya juu ni mahakama ya shirikisho, kuomba jaji aiamuru idara ifanye uamuzi, njia iliyofunguliwa na sheria ya mwaka 1962. Jaji hawezi kuiamuru ikupe kadi. Anaweza kuiamuru ijibu. Mara nyingi idara hulitoa faili na kupanga tarehe kabla kesi haijafika mbali, na hilo linatuonyesha kwamba faili lilikuwa linaweza kutolewa siku zote.

Ombi langu la mwisho ni kwa wale mliokwisha kuapa uraia, mnaopiga kura Kentucky. Mnapokwenda kwa mwakilishi wenu, msiende tu kuuliza kesi ya binamu. Mtajieni kifungu cha 1571. Mwambieni kimekaa kwenye vitabu tangu mwaka 2000 kikiwa matarajio, nanyi mnataka siku zile 180 ziwe amri, kama siku zenu 10 zilivyo amri. Ofisi yake ina wajibu wa kupokea barua, na barua kumi kutoka ukumbi huu zinahesabiwa. Karatasi na bahasha ziko kwenye meza ya mlangoni.